Alama ya Vidole na Liwa ya Bi Mauwa

Si kweli kwamba Mwamvita alipakwa liwa ili kuficha alama za kipigo. Maneno hayo yamezunguka Tandale kwa miaka, kutoka kisimani hadi sokoni, na kila aliyeyapokea ameyatia chumvi yake. Wapo wanaosema kwamba mumewe, Mwishehe, alimpiga kabla hina ya harusi haijafutika miguuni. Wapo wanaosema aliyempiga ni mama mkwe, na mwana akamfichia mama yake. Wengine, ambao hata mlango wa nyumba ile hawaujui unatazama wapi, husema bibi harusi alimwagiwa maji ya moto. Liwa, ule mti wa harufu unaosagwa kwa maji, alipakwa, hilo ni kweli, tena nene, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, kwa muda wa miezi. Sababu yake ndiyo hii, na inaelezwa mara moja tu.

Mama mkwe huyo aliitwa Mauwa. Alizaliwa kusini, upande wa Mikindani, akaolewa na Mzaramo aliyekuwa akifanya kazi melini, na kuletwa Dar es Salaam angali msichana. Tandale ya wakati wa Mwingereza ilikuwa mashamba kuliko nyumba. Mtu alitembea katikati ya mikorosho na mihogo hadi aone paa la makuti, ndipo ajue amefika kwa watu. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja wa kiume, nyumba ya udongo yenye banda uani, na jina safi. Kwa hilo la mwisho Bi Mauwa alijivuna kuliko yote. Katika ukoo ule hakuna mwanamke aliyewahi kurudi kwao na jeraha, na alipomposea mwanawe aliwaahidi jamaa wa binti kwa kinywa chake kwamba hilo halitaanzia kwake.

Aliishi kwa kutengeneza achari ya ndimu. Hakuna aliyekuwa na achari kama yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa mdadisi kama yeye. Aliweza kutia ndimu za mti mmoja katika mitungi mitatu, akauweka mmoja juani, mwingine mvunguni, wa tatu mlangoni, kisha akawa anaionja kila asubuhi huku amefumba macho, apate kujua ni lini ganda linalainika na ni lini uchungu unatoka. Jirani akimuuliza anatafuta nini hujibu, "Sijui bado." Marehemu mumewe alikuwa akimtania: "Mke wangu, siku ukizikwa, malaika Munkari na Nakiri watakuuliza swali moja, nawe utawauliza kumi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi ndimu zilioshwa na kuchanjwa msalaba bila kuachanishwa, chumvi ikashindiliwa ndani, na maji yake yakachuruzika mikononi. Hiyo ilifanyika bandani, kivulini. Baada ya swala ya adhuhuri, ndimu zilizokwisha kukaa na chumvi zilianikwa juani juu ya jamvi na kugeuzwa geuzwa hadi alasiri. Pilipili na manjano vilikuja siku za mbele. Wanawake wa achari walijulikana kwa mikono yao: migongo ya viganja ilikuwa na madoa meusi, kama waliogusa masizi. Wote walisema ni chumvi. Bi Mauwa naye alisema ni chumvi, na pengine hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulijaribu, maana kila mtu alikuwa na hakika nalo.

Basi Mwishehe akaoa. Alikuwa kuli bandarini, mtu mkubwa, mpole, mwenye viganja kama makafi. Mkewe, Mwamvita, alitoka Mbagala, msichana wa rangi ya maji ya kunde, aliyepelekwa shule ya wasichana mjini wakati wasichana wengi hawakupelekwa popote. Wiki nzima ya fungate alisingwa kwa liwa na marashi na hakuona jua. Fungate ilipokwisha alitoka uani akamkuta mkwewe amezungukwa na ndimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Rudi ndani, utachafuka."

"Mama, nimechoka kuwa bibi harusi. Nipe kazi."

Bi Mauwa alicheka, akampa kisu cha pili. Mwamvita alikuwa amejifunga kanga kifuani, mabega wazi, kama mtu aliye nyumbani kwake. Aliponyanyuka kwenda kuchukua chumvi alikanyaga maganda, mguu ukateleza, na angeangukia mawe ya jiko kama Bi Mauwa asingetupa kisu chake na kumdaka mkono, juu ya kiwiko, na kuubana.

"Taratibu. Ungevunjika hapa, ningewaeleza nini kwenu?"

"Ungewaambia nimeshindana na ndimu," Mwamvita alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Adhuhuri wakatawadha, wakaswali, wakaenda kuanika. Mwamvita alikaa kwenye jamvi akigeuza ndimu mpaka jua lilipopinda. Jioni hakuwa na alama yoyote.

Kesho yake mkono ulimwasha. Usiku wake ulimchoma kama aliyeguswa na upupu. Siku iliyofuata, alipovua kanga ya begani, palikuwa na vidole vitano vyekundu juu ya kiwiko, vimetulia pale kama vilivyochorwa, na juu yake vilengelenge vidogo vidogo.

Kwa bahati mbaya, siku hiyo hiyo, Jumamosi, kaka yake, Pazi, alikuja na mbuzi wa kumsalimia dada. Pazi alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na aliyekuwa akimlea Mwamvita tangu baba yao alipofariki. Alimfunga mbuzi, akapokea maji, akayanywa. Mwamvita alipoinua mkono kupokea kata, kanga ikamteleza.

Pazi aliweka kata chini polepole.

"Nani?"

"Hakuna mtu, kaka. Imetoka tu."

"Imetoka tu, na kucha zake?"

"Nadhani ni ndimu. Tulikuwa tunachanja ndimu."

"Ndimu ina vidole?" Pazi alisema. Akamgeukia Bi Mauwa, na sauti yake haikupanda. "Mama, nyumba hii tuliipa binti yetu kwa sababu ya neno lako. Shemeji yangu yuko wapi?"

"Yuko bandarini."

"Basi asinikute hapa, maana nitamkosea heshima. Mwamvita, funga nguo zako."

Mwamvita alisema hakupigwa. Alisema mara ya pili na ya tatu. Lakini kila mtu anajua kwamba mke aliyepigwa husema vivyo hivyo, na kadiri alivyosema ndivyo kaka yake alivyozidi kuamini kwamba amepigwa. Ndipo Bi Mauwa aliposimama kati yao.

"Baba, ukimtoa leo, hata ikija kujulikana kwamba hakuna aliyemgusa, watu hawatasahau kwamba alitolewa. Nipe mpaka Ijumaa. Ikiwa mwanangu amefanya hivi, mie mwenyewe nitakuletea dada yako kwa miguu yangu, na mahari sitaiuliza."

"Ijumaa baada ya swala," Pazi alisema, akaenda zake. Mbuzi akamwacha.

Ni rahisi leo kusema kwamba Bi Mauwa alikuwa na hakika na mwanawe. Hakuwa nayo. Jioni Mwishehe aliporudi, mama yake alimwita ukumbini na kumwambia, "Nitazame usoni."

"Kuna nini mama?"

"Umempiga mkeo?"

Mwishehe alicheka kwanza, kama mtu aliyeulizwa kama ameiba mwezi. Kisha akaona mama yake hacheki. "Mama, mie?" Akakaa kwenye mkeka, na hakula siku hiyo. Bi Mauwa naye hakula. Alitaka kumwamini na akaogopa kwamba anataka mno.

Asubuhi, Mwishehe alipokwisha kuondoka, Bi Mauwa alimwita Mwamvita mlangoni penye mwanga. Aliutazama mkono kama alivyozoea kuitazama mitungi yake: bila haraka, kwanza kutoka upande huu, halafu ule. Vidole vile vilikuwa vyembamba. Mkono wa Mwishehe ungeuzunguka mkono wa yule binti wote na kujifunika wenyewe. Tena kidole cha kati kilipinda kuelekea cha pete. Bi Mauwa alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ambao kidole chake cha kati kilivunjika utotoni kikaunga vibaya, akauweka taratibu juu ya alama.

Ulikaa sawasawa, kila kidole mahali pake.

"Mama," Mwamvita alinong'ona, "ulinidaka tu."

"Nilikudaka tu," Bi Mauwa alisema, "na Pazi akiuona mkono huu hatasema nilikudaka."

Hapo hofu yake ilibadilika. Mwana alikuwa ameokoka, lakini nyumba haikuokoka. Sasa aliyetiwa doa alikuwa yeye. Angeweza kunyamaza na kusema haijulikani ni nini, na huenda watu wangechoka. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera kuliko hofu: mkono wa mtu, usiopiga wala kuunguza, unaachaje alama ambayo haionekani jioni, inaonekana baada ya siku mbili? Alikaa bandani akiuzungusha mkono wake mbele ya macho kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Alianza na chumvi. Alijifunga chumvi kwenye mkono mmoja usiku kucha. Asubuhi ngozi ilikuwa imenyauka kidogo, basi. Akajipaka maji ya ndimu mikononi asubuhi, akaendelea na kazi kama siku zote, akaswali adhuhuri, akakaa juani mpaka alasiri. Siku iliyofuata hakukuwa na kitu, na iliyofuata pia. Ijumaa ilikuwa inakuja na hakuwa na jibu.

Lilimjia alipokuwa akitawadha. Alikuwa amekinga maji, anaupitisha mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, akasita hapo hapo. Maji ya udhu hufika kiwikoni. Huko juu hayafiki. Ndimu aliyojipaka aliiosha mwenyewe kabla ya kwenda juani, kama alivyoiosha maisha yake yote, kwa kusugua na sabuni ili pilipili isimwingie machoni; wenzake walisuuza kwa maji tu, na madoa yakabaki migongoni mwa viganja. Mwamvita naye alinawa kwa sabuni na kutawadha siku ile, lakini ndimu ya vidole vya mkwewe ilikuwa juu ya kiwiko. Alikwenda nayo juani.

Aliswali kwanza. Kisha akatoka kwenda kumwita Demetria.

Demetria, mama yake Gaudens, alikuwa mke wa karani, mtu wa Bukoba, jirani wa ua wa pili, Mkristo, asiye na udugu na pande zote mbili, tena mwenye ulimi usioficha kitu. Alimfaa Bi Mauwa kwa sababu hiyo: akisema Demetria, hakuna atakayedai amehongwa kwa bakuli la achari.

"Mama Gaudens, nataka unishike mkono."

"Unataka kwenda wapi?"

"Siendi popote. Jipake ndimu hii kiganjani, unishike hapa juu. Usinibane."

Demetria alimtazama, akaitazama ndimu. "Mama Mwishehe, mambo haya ya kwenu ya Pwani mie sitaki kuingizwa. Nitaamka asubuhi nimeota mkia?"

"Ukiota nitakushonea gauni la kuuficha. Nishike."

Demetria alimshika, taratibu, kama anayemshika mtoto. Kabla ya kwenda juani Bi Mauwa alikumbuka kitu ambacho hakukifikiria tangu alipoondoka kusini. Bibi yake alikuwa akienda mwambani kuchokoa pweza, maji yakitoka, jua la saa sita kichwani. Kila alipokwenda alisaga mti juu ya jiwe kwa maji na kujipaka uso mzima, mweupe kama chokaa. Mauwa mdogo alimuuliza kama anajipamba kwa ajili ya pweza. Bibi alimjibu, "Jua lisinile uso." Dar es Salaam liwa ilikuwa ya maharusi, ya harufu na ulaini wa ngozi, na Bi Mauwa mwenyewe aliizoea hivyo. Sasa akajiuliza kama bibi yake alijua alichokisema.

Alichukua jiwe lililosagiwa liwa ya harusi, akasaga liwa na maji kidogo mpaka ikawa nzito, akaipaka juu ya mahali palipoguswa na vidole viwili vya Demetria. Vitatu akaviacha wazi. Mkono wa pili akaupaka ndimu begani na kuufunika kwa kanga nene. Akaenda kukaa kwenye jamvi lake.

"Utaiva kama muhogo," Demetria alimwambia kutoka kivulini.

"Nikiiva utanila?"

"Wewe una ndimu nyingi mno."

Siku hiyo hakuna kilichotokea, na wanawake waliopita kuchota maji walisimama kumtazama mtu mzima aliyepaka bega liwa kama mwari. Mmoja alimuuliza kama anaolewa tena. Bi Mauwa alisema anafikiria. Alhamisi asubuhi bado hapakuwa na kitu, na kwa mara ya kwanza alianza kupanga maneno ya kumwambia Pazi. Alhamisi jioni mkono ulimwasha. Hakuna mtu aliyewahi kufurahia kuwashwa kama alivyofurahi yeye. Alimwita Mwamvita, akamwonyesha mahali ambapo hapajawa na kitu bado, na wote wawili wakapakodolea macho kwa taa ya chemni.

Ijumaa baada ya swala Pazi alikuja, na safari hii alikuja na mjomba wake. Mwishehe alikuwapo, amevaa kanzu. Demetria alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, hataki kupitwa.

Bi Mauwa hakuzunguka. "Baba, alama iliyo kwenye mkono wa dada yako ni ya mkono wangu." Akauweka mkono wake juu yake, na kidole kilichopinda kikalala kwenye kidole kilichopinda.

Mjomba alishusha pumzi. Pazi alianza kunyanyuka.

"Kaa. Hujamaliza kuona." Akafungua bega lake mwenyewe. Juu ya kiwiko palikuwa na vidole vitatu vyekundu, vyenye malengelenge yale yale, vinene na vifupi. "Na huyu je? Nani kanipiga mie?"

"Mie," Demetria alisema. "Nilimshika kama ninavyoshika yai, Mungu ni shahidi yangu. Na tazama." Akainua kiganja chake kinene ili wakilinganishe.

Pazi alikaa. Bi Mauwa alimweleza yote: ndimu peke yake haikufanya kitu, na akafunua mkono wa pili uliofunikwa kanga, safi kabisa. Jua peke yake halikufanya kitu, maana wote walikaa juani maisha yao yote. Lakini ndimu ikibaki kwenye ngozi, jua huichoma ngozi hiyo kupita kiasi, na kwa ukimya.

"Mbona halikuonekana siku ile ile?" Pazi aliuliza.

"Hata mie ndilo lililonipoteza. Moto ukikugusa unapiga kelele papo hapo. Hili linakuja umeshaoga, umeshalala, umeshasahau ulikaa wapi."

Pazi aliuvuta mkono wa Bi Mauwa karibu na macho, kama seremala anayetafuta ufa kwenye ubao. "Wewe mama Gaudens una vidole vitano."

"Nilizaliwa navyo."

"Hapa viko vitatu."

"Viwili nilivivika liwa," Bi Mauwa alisema. "Jua halikuvifikia."

Mjomba aliomba aione liwa hiyo. Akaisugua kati ya vidole, akainusa, akasema kwamba alidhani ni kitu cha wanawake. Bi Mauwa akamwambia hata wanaume wana ngozi. Mwishehe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na Pazi, baada ya kusita, akamnyooshea mkono. Mbuzi akachinjwa siku hiyo.

Mwamvita hakurudi Mbagala. Alama zilikauka, zikawa nyeusi, na Bi Mauwa aligundua kwamba zikipigwa na jua zinazidi kuiva. Ndipo alipompaka liwa asubuhi na mchana, akamshonea blauzi ya mikono mirefu, akampa mwamvuli kila alipotoka. Hakuishia hapo. Alijaribu unga wa mchele, ukakauka na kupukutika. Alijaribu mafuta ya nazi, akidhani yatakinga, yakamkaanga. Alijaribu liwa nyembamba na nzito, akaona nyembamba hainusuru kitu, na inayolowa jasho ni lazima ipakwe tena. Tangu hapo hakuna mwanamke aliyeingia kwenye ua wake kuanika bila kuosha mikono mpaka begani kwa sabuni na kupaka liwa usoni na mikononi. Watoto wa Tandale waliwaita mazimwi ya Mauwa. Mikono yao ilipoteza madoa mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyetaja tena chumvi.

Mtu mmoja alichungulia uani kupitia makuti wakati huo, akaona mke mpya anapakwa liwa na mama mkwe juu ya alama za vidole, akaondoka na alichokiona bila kuuliza. Laiti angebisha hodi, angeonyeshwa yote, maana Bi Mauwa alipenda kuonyesha.

Bi Mauwa amekwisha kufariki, na Mwishehe naye, Mungu awarehemu. Mwishehe aliishi na mkewe mpaka mwisho na mkono wake haukuwahi kumwinukia. Jina la aliyechungulia linajulikana, na halitatajwa. Yaliyosemwa chumbani baina ya mume na mke, katika siku zile za kungojea Ijumaa, mke anayajua, na hayamhusu mtu mwingine. Asiulizwe.